Unatafuta mtoto na uso umejaa chunusi: anza na kilichomo kabatini

Yai likipevuka siku ya 14 na likarutubishwa, kipimo cha mkojo hakitaonyesha mistari miwili mpaka karibu siku ya 28, na hapo ni kwa mwenye mzunguko usioyumba. Katikati kuna wiki mbili ambazo mtu ni mjamzito na hajui, na kila usiku anapaka usoni kile alichozoea kupaka. Wengi hawapimi hata siku hedhi inapochelewa. Wanasubiri wiki moja, wengine mbili. Wakija kupima, kliniki inawaambia mimba ina wiki sita, moyo umeshaanza kupiga, na mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto umefunga au unamalizia kufunga.

Ndiyo maana swali la dawa za chunusi na mimba karibu kila mara huulizwa kwa kuchelewa. Huulizwa na mtu aliyeshika kipimo mkononi: nilikuwa napaka hiki, je, mtoto yuko salama? Mara nyingi jibu huwa la kutuliza, kwa sababu dawa nyingi za kupaka huingia mwilini kidogo sana. Lakini si zote. Swali lenyewe lilitakiwa kuulizwa miezi mitatu nyuma.

Nasema miezi mitatu kwa hesabu. Chunusi inayoonekana leo ilianza kuziba ndani ya kitundu cha ngozi wiki kadhaa zilizopita, na ndiyo maana dawa nzuri ya kupaka hupewa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Ukibadilisha dawa mwezi huohuo unaoanza kutafuta mtoto, utaangukia kipindi ambacho ya zamani imeisha nguvu na mpya haijashika. Hapo ndipo watu hurudi kwenye kopo la zamani "mara moja tu". Na foliki asidi, ambayo kila anayetafuta mtoto anatakiwa ameze mikrogramu 400 kwa siku, nayo inatakiwa ianze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, na mitatu ni bora. Basi ziende pamoja, kidonge na krimu, siku moja.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: usoni kipakwe kile tu ambacho hutalazimika kukiacha siku utakapoona mistari miwili. Ile habari ya "nitapaka mpaka yai lipevuke, halafu nitasimamisha" ni hesabu ngumu kwa mwenye mzunguko wa siku 28, na kwa mwenye mzunguko wa siku 40 haipo kabisa.

Mbona uso ulikuwa safi?

Anayeacha vidonge vya majira hushangaa kuona uso unarudi ulivyokuwa shuleni. Vidonge vyenye estrojeni hulifanya ini litengeneze kwa wingi protini inayokamata testosteroni kwenye damu, na testosteroni iliyokamatwa haiwezi kuzichochea tezi za mafuta. Ukiacha vidonge, protini hiyo hushuka, testosteroni iliyo huru hupanda, mafuta yanarudi, hasa kidevuni, kwenye taya na juu ya shingo. Haitokei wiki ya kwanza. Mara nyingi huja kati ya mwezi wa pili na wa sita, wakati vidonge vimeshasahaulika na mtu anatafuta mchawi mwingine: maji ya kisima, mto wa kulalia, mihogo.

Sindano ya miezi mitatu na vijiti ni mambo mengine. Vina homoni ya aina ya projesteroni peke yake, na kwa baadhi ya wanawake hivyo ndivyo vilivyoleta chunusi, kwa hiyo uso unaweza kutulia kijiti kikitolewa. Kwa sindano panahitajika subira, kwani wastani wa kushika mimba ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wapo wanaovuka mwaka. Kitanzi cha shaba hakina homoni. Kama chunusi zilianza ukiwa nacho, kisingizio hicho hakipo.

Hata asiyetumia chochote huona vipele vikija wiki moja kabla ya hedhi. Ni mwendo wa homoni baada ya yai kupevuka. Bahati mbaya wiki hiyo ndiyo ya kusubiri kupima, na hakosekani wifi au rafiki wa kukwambia kwamba chunusi za ghafla ni mimba, tena ya mtoto fulani. Vipele vya wiki hiyo huja mimba ikiwepo na isipokuwepo.

Mwaga kila kitu kitandani

Kabla ya kununua chochote, toa vilivyomo: kabatini, kwenye mkoba, bafuni. Losheni ya mwili pia, maana mkono uliopaka shingo ndio huohuo unaopaka uso. Panga mafungu matatu: chenye orodha ya viambato inayosomeka, chenye orodha isiyoeleweka, na kisicho na orodha kabisa. Fungu la tatu tutalirudia, maana ndilo hatari zaidi. Kwenye la kwanza na la pili tafuta majina yafuatayo.

Isotretinoini, vidonge laini vya chunusi sugu. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1982, na haikuchukua muda ikajulikana kwa ulemavu inaosababisha kwenye masikio, uso, moyo na ubongo wa mtoto. Hakuna dozi ndogo iliyo salama. Ukimeza kidonge cha mwisho, endelea na kinga ya mimba mwezi mmoja kamili, kisha ndipo uanze kutafuta mtoto. Baada ya hapo imeshatoka mwilini. Maneno kwamba inakaa miaka yanatokana na ndugu yake asitretini, dawa ya soriasisi, ambayo kweli hudai kusubiri miaka mitatu.

Tretinoini, adapaleni na tazaroteni ni ndugu za isotretinoini za kupaka. Kinachopenya ngozi ni kidogo, lakini mwaka 2018 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza zisitumiwe na wajawazito wala wanaopanga mimba, na hakuna sababu ya kubishana nalo wakati mbadala upo. Retinoli ya kwenye seramu za "kuzuia mikunjo" ni ya ukoo huohuo, iache pia. Aliyepaka kabla ya kujua ana mimba aache, amwambie daktari, na asikubali mtu amtishe. Hilo si jambo la kumfanya mtu afikirie kutoa mimba.

Spironolaktoni huandikwa kwa chunusi za taya kwa sababu huzuia homoni za kiume. Mtoto wa kiume tumboni anazihitaji homoni hizo ili sehemu zake za siri zijengeke vizuri. Huachwa angalau mwezi mmoja kabla. Ila kama ulipewa kwa ajili ya moyo au presha, usiiache mpaka aliyekuandikia akubadilishie.

Doksisaiklini, antibayotiki ya kumeza, hutia madoa kwenye meno na kugusa mifupa ya mtoto kuanzia mwezi wa nne wa mimba, kwa hiyo kozi ndefu za chunusi hazimfai anayetafuta mtoto. Hapa pana mtego. Wanaohangaika kupata mtoto huandikiwa doksisaiklini ya siku 14, pengine mke na mume pamoja, kwa ajili ya maambukizi ya nyonga. Hiyo ni kozi fupi yenye kazi yake, na maambukizi yasiyotibiwa huziba mirija ya uzazi. Imalize.

Na Septrini. Madukani huuzwa kwa chunusi kana kwamba ni pipi. Sehemu yake moja, trimethoprimu, huzuia kazi ya foliki asidi, ileile unayoimeza kila asubuhi kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto. Unajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Anayeimeza kwa maelekezo ya kliniki ya VVU habari yake ni tofauti, huyo asiache.

Kopo lisilo na jina

Huku kwetu, kutafuta mtoto mara nyingi huanza usiku wa harusi. Na miezi mitatu kabla ya harusi ndiyo miezi ambayo uso wa bi harusi hupakwa mambo mazito kuliko wakati wowote wa maisha yake. Anataka madoa yaishe kabla ya picha. Anapelekwa kwa mtu "anayechanganya vizuri". Anapewa kopo jeupe lenye kifuniko cha bluu, halina jina, lina harufu ya sabuni na limau, na siku ya kumi uso unang'aa kweli. Mwezi wa pili wa ndoa ana mimba, na kopo bado lipo mezani.

Mkorogo huwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu: hidrokwinoni, steroidi kali na zebaki.

Hidrokwinoni ya kupaka huingia mwilini kuliko dawa karibu zote za uso: kati ya asilimia 35 na 45 ya ulichopaka. Uthibitisho wa madhara kwa mtoto haujapatikana, lakini kwa upenyaji wa namna hiyo madaktari hawaoni sababu ya kuendelea nayo. Ikitumiwa miaka, yenyewe huleta weusi wa kibluu-kijivu mashavuni ambao ni vigumu kuuondoa.

Steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni, ndizo zinazofanya chunusi zionekane zimepona. Zinazima wekundu na uvimbe kwa siku chache, kisha zinaleta vipele vyake: vidogo, vya ukubwa mmoja, vingi, kwenye ngozi iliyokuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Ukiacha ghafla, ndani ya siku chache hadi wiki mbili uso unawaka, unavimba, unachoma, na hapo mtu anaapa kwamba "krimu ndiyo iliyokuwa inanishika". Ni yenyewe iliyokuharibu. Aliyepaka kila siku kwa miezi aende kwa daktari wa ngozi ashushwe ngazi kwa ngazi, kwa mfano kupitia haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa muda mfupi, kisha siku moja kupaka, moja kuruka, kisha basi. Inaweza kuchukua wiki nyingi kutulia, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuanza miezi mitatu kabla, si wiki mbili. Mimba ikishaingia, steroidi kali ikipakwa kwa wingi, zaidi ya gramu 300 katika mimba nzima, imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Anayepaka mwili mzima hufikisha gramu hizo mapema kuliko anavyodhani.

Zebaki ni mbaya kuliko zote. Hupenya ngozi, huumiza figo, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na huchukua miezi kutoka. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo ya kipodozi, lakini makopo yaliyopimwa katika nchi mbalimbali yamekutwa na maelfu ya mara ya kiwango hicho. Kwenye lebo, ikiwepo, huandikwa kama Hg, kalomeli, au kloridi na iodidi ya zebaki. Dalili nyingine haimo kwenye viambato bali kwenye maonyo: ukisoma kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini wala mpira, jua mtengenezaji anajua ameweka nini. Taulo na foronya zilizopakaa hubeba zebaki hiyo kwa mume na kwa mtoto aliyepo ndani. Kopo lifungwe kwenye mfuko wa plastiki, lisichomwe moto, na anayelitumia kwa muda mrefu amwambie daktari amwandikie kipimo cha zebaki kwenye mkojo kabla ya kutafuta mimba.

Dripu na sindano za kung'arisha ziingie kwenye fungu hilohilo. Usalama wake kwa mimba haujathibitishwa, na mara nyingi hata kilichomo kwenye chupa hakijulikani.

Vya nyumbani navyo vichunguzwe bila dharau. Liwa safi iliyosagwa na maji ya waridi haina neno kwa wengi. Singo ya Unguja ni ya kusugua mwili. Juu ya chunusi zenye usaha itazipasua na kuacha madoa. Limau usoni kisha jua la saa sita huunguza na kuacha weusi wa miezi. Dawa ya meno hukausha kipele na kuchoma ngozi iliyokizunguka.

Kinachobaki, na namna ya kukipaka

Kama ningeambiwa nichague kimoja tu kwa mwanamke mweusi anayetafuta mtoto, ningechagua asidi ya azelaiki. Asili yake ni kitu kilichomo kwenye nafaka kama ngano na shayiri, kinachopenya ngozi ni karibu asilimia 4, na haina historia ya kudhuru mimba. Inaua bakteria wa chunusi, inazuia vitundu visizibe, na inapunguza utengenezaji wa rangi pale palipoungua. Hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito kwetu, maana ngozi nyeusi huumizwa na doa kuliko na kipele: kipele hukaa wiki moja, doa hukaa miezi sita. Tafuta jeli ya asilimia 15 au krimu ya asilimia 20. Ya asilimia 10 inayouzwa bila cheti ni dhaifu kidogo lakini ni mwanzo mzuri. Si kila famasi inayo, kwa hiyo uliza mapema.

Kipimo ni ukanda wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Huo ni karibu gramu 0.5, na unatosha uso mzima. Ukipaka mara mbili kwa siku, tyubu ya gramu 30 inaisha kwa mwezi mmoja. Kama yako imekaa miezi mitatu, hupaki dawa, unadonoa vipele kimoja kimoja, na hilo ndilo kosa linaloifanya ionekane haifanyi kazi. Hupakwa uso mzima kwa sababu chunusi ya mwezi ujao ipo tayari pale ambapo leo pako laini.

Anza usiku mmoja, ruka mmoja, kwa wiki mbili. Osha uso kwa sabuni laini ya maji isiyo na harufu, si sabuni ya mche wala ya magadi. Kausha kwa kugusagusa, subiri dakika 10 ngozi ikauke kabisa, kisha paka. Itawasha na kutekenya kwa robo saa hivi. Hiyo ni kawaida, na hupungua baada ya wiki mbili tatu. Ikichoma mpaka ngozi inamenyuka, paka losheni kwanza kisha dawa juu yake. Wiki mbili zikipita salama, nenda kila usiku, kisha ongeza asubuhi.

Cha pili ni benzoili peroksidi. Kidogo kinachopenya hugeuka kuwa asidi ya benzoiki na kutoka kwa mkojo. Nunua ya asilimia 2.5. Ya asilimia 10 haizidi kwa matokeo, inazidi kwa kukausha, na kwenye ngozi nyeusi ukavu na muwasho huzaa madoa. Ukiipata kwa namna ya sabuni ya kunawia, iache usoni dakika mbili au tatu kabla ya kusuuza. Jambo moja la kuliangalia kwa karibu: inachujua nguo. Foronya ya kitenge itapata mabaka ya rangi ya chungwa pale shavu linapolala, na ushungi mweusi utapauka ukingoni, kwenye kidevu. Taulo jeupe, foronya nyeupe, na mikono ioshwe kabla ya kugusa khanga.

Kama kuna vipele vyekundu vingi vyenye usaha, daktari anaweza kuongeza klindamaisini au erithromaisini ya kupaka, lakini kamwe isiwe peke yake. Bakteria wataizoea ndani ya miezi. Hupakwa pamoja na benzoili peroksidi, na huachwa vipele vikitulia. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 au chini, kwenye uso tu, hairuhusiwi kukunyima usingizi. Yale maganda ya saluni ya asilimia 20 au 30 ndiyo ya kukataa, na barakoa za aspirini iliyopondwa pia. Niasinamidi ya asilimia 4 au 5 inaongezea kwenye madoa na haina shida.

Kinga ya jua wengi huiruka kwa kusema ngozi nyeusi haihitaji. Kwa saratani, hatari yetu ni ndogo kweli. Kwa madoa, hapana: mwanga wa jua, hata ule unaoonekana kwa macho, huendelea kulitia doa wino kila siku. Chagua ya SPF 30 au zaidi, yenye rangi ya ngozi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo kwenye rangi hiyo ndiyo inayozuia mwanga unaoonekana. Vidole viwili vya krimu kwa uso na shingo.

Kosa la kawaida ni kuanza vyote wiki moja. Uso ukiwaka hujui ni nani mkosaji, unaacha vyote, miezi miwili imepotea. Kimoja kila baada ya wiki mbili au tatu.

Si kila kipele ni chunusi

Vipele vidogo vya ukubwa mmoja, vingi kwenye paji la uso na kando ya nywele, vinavyowasha hasa ukitoka jasho, mara nyingi ni fangasi ndani ya vinyweleo. Kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa ni jambo la kila siku, na huzidi baada ya kozi za antibayotiki au krimu za steroidi. Kuna njia rahisi ya kuvitofautisha na chunusi: chunusi huuma, hivi huwasha, na havina vichwa vyeusi. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, povu likiachwa kwenye paji kwa dakika 5, mara mbili tatu kwa wiki, huonyesha tofauti ndani ya mwezi. Inayopenya ngozi ni kidogo mno. Vidonge vya fangasi ni habari nyingine, usivimeze kwa kujinunulia ukiwa unatafuta mtoto.

Vingine vya paji la uso vinatokana na mafuta ya nywele. Aliyesuka na kupaka mafuta mazito kwenye mistari kila jioni, kisha akalala na kilemba, amejipaka uso mzima. Paka nywele, acha nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye paji, na osha kilemba.

Na vipele vya kidevuni kwa mwenye ndevu chache anazong'oa au kunyoa, chunguza vizuri kwenye kioo. Ukiona unywele umejikunja ndani ya kipele, hiyo ni nywele iliyoota ndani, na dawa ya chunusi haitamaliza kitu. Punguza kwa mkasi mdogo, using'oe. Na jiulize zile ndevu zenyewe zimetoka wapi.

Mwenye mzunguko wa siku 45

Chunusi za taya zisizosikia dawa, ndevu kidevuni, na hedhi inayokuja kila baada ya siku 35 na kuendelea, vikikutana, tatizo halipo usoni. Mara nyingi ni hali ya ovari yenye vifuko vingi, ambayo kliniki nyingi huiita PCOS tu. Inatambuliwa kwa mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na picha ya ovari kwenye ultrasaundi. Picha peke yake haitoshi. Wengi wamebandikwa ugonjwa kwa karatasi ya ultrasaundi tu.

Huyu asisubiri mwaka. Ule ushauri wa kujaribu miezi 12, au 6 kwa aliyefika miaka 35, ni wa wenye hedhi za mpangilio. Asiyepevusha mayai aende mapema. Vipimo vya kuomba ni testosteroni, prolaktini, TSH ya tezi ya shingo, sukari, na homoni ya 17-OH projesteroni asubuhi mwanzoni mwa mzunguko. Projesteroni ya kujua kama yai lilipevuka hupimwa siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Ile "siku ya 21" ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kwa mwenye siku 45 ni karibu siku ya 38, na akipimwa siku ya 21 ataambiwa hapevushi hata kama anapevusha. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, kwa sababu biotini huvuruga mashine zinazopima homoni.

Tiba za kawaida za chunusi za hali hii, yaani vidonge vya majira na spironolaktoni, zimefungwa kwa anayetafuta mtoto. Kinachobaki ni dawa za kupaka tulizozitaja, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kwa aliyezidi, na metifomini, dawa ya kisukari, pale daktari anapoona inafaa. Hiyo husaidia sukari na hedhi, uso hunufaika kidogo tu. Yai likihitaji kusukumwa, dawa ya kwanza siku hizi ni letrozoli, kwa usimamizi wa daktari.

Chakula nitakipita haraka. Ushahidi wenye nguvu upo kwenye vyakula vinavyopandisha sukari kwa kasi: soda, chai ya vijiko vinne, mkate mweupe, sembe. Dona na maharage vinafaa uso na vinafaa ovari. Unga wa protini wa maziwa wa watu wa jimu huleta chunusi kwa baadhi. Vitamini A ndiyo ya kuangalia: isizidi mikrogramu 3,000 kwa siku, sawa na IU 10,000, na vidonge vya "ngozi ing'ae" husogelea hapo bila kusema. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina karibu mara tatu ya hiyo, kwa hiyo maini yasiwe ya kila wiki.

Mume naye atazamwe. Mwanamume mwenye chunusi za ghafla mgongoni na mabegani, aliyejaa misuli ndani ya miezi michache, huenda anachoma testosteroni. Testosteroni ya sindano huzima utengenezaji wa mbegu, wakati mwingine mpaka sifuri, na huchukua miezi mingi kurudi baada ya kuacha. Mke anaweza kuhangaika na vipimo mwaka mzima kumbe tatizo liko kwenye begi la jimu.

Siku mistari miwili ikionekana, asidi ya azelaiki na benzoili peroksidi ziendelee kama jana. Uso unaweza kuharibika zaidi miezi mitatu ya kwanza kwa sababu mafuta huongezeka, na huo si wakati wa kujaribu kopo jipya la jirani. Ukienda kliniki kwa mara ya kwanza, piga picha lebo za kila unachopaka, mbele na nyuma, na umwonyeshe muuguzi pamoja na kadi.